Kadi ya sauti kwa DJ wa iPad

Wenzangu mnaopiga muziki kwa iPad, kabla hujalipia kadi ya sauti (kifaa cha nje kinachopeleka sauti ya iPad kwenye spika na hedifoni), hesabu njia zake za kutoa sauti. Ziwe nne! Mbili zinakwenda kwenye spika, mbili kwenye hedifoni, ili wimbo unaofuata uusikie wewe kabla ya ukumbi. Kadi nyingi ndogo za kurekodia zina tundu la hedifoni, ila linarudia kilekile kinachotoka kwenye spika. Kwa DJ hilo halisaidii.

Mimi nilichagua Behringer UMC204HD. Si ya kutia mfukoni, lakini inaingia kwenye begi vizuri, na ina kitufe cha kuhamisha hedifoni kutoka njia 1-2 (za spika) kwenda 3-4 (za wimbo unaofuata). Hicho ndicho kilichonivutia.

Umeme nao usiusahau. iPad yangu ni ya tundu la Lightning, kwa hiyo naunganisha kadi kwa adapta ya Apple yenye nafasi ya chaja, maana kadi inakula umeme na harusi zinakesha.

Kama pesa bado haijatosha, anza na waya wa kugawa sauti: upande mmoja spika, mwingine hedifoni. Utakosa stereo tu.