Banzi la bomba

Juzi mwanangu alikuwa akipekua sanduku la Bibi, akaibuka na kipande cha bomba la maji kilichopasuliwa katikati, ndani kimeshonewa kanga kuukuu. "Mama, hiki cha nini?" Nikamwambia kuna mbuzi alijifunza kutembea nacho. Akataka kujua mbuzi gani. Usingizi ulimchukua kabla sijafika mbali, kwa hiyo nayamalizia hapa.

Mbuzi mwenyewe ni mtoto wa Chausiku. Chausiku alikuwa wa Kinorwe, wa uzao wa wale mbuzi wa maziwa ambao Chuo Kikuu cha Sokoine kilianza kuwaleta kwetu Mgeta, milimani Uluguru, mwaka 1988. Hao wana maziwa kuliko wa kienyeji, lakini wanataka kulishwa hasa. Mbuzi anabeba mimba miezi mitano, na mtoto anakua zaidi kwenye wiki za mwisho. Za Chausiku ziliangukia kiangazi, mabingobingo yamekauka, pumba imepanda bei, na tumboni wamo wawili. Walichokikosa horini walikichukua mwilini mwa mama yao.

Alizaa usiku, mwezi wa Julai. Aliyewahi kulala Nyandira, kijijini kwetu, mwezi huo anaijua ile baridi. Tulipoingia bandani na tochi, mimi na Dada tukimfuata Bibi, Chausiku alikuwa amelala, masikio yamepoa, anawalamba wanawe kidogo kisha anaacha. Jike alijaribu kuinuka. Miguu ya mbele ikajikunja kwenye vifundo, akakanyagia vifundo badala ya kwato. Dume hakujaribu kabisa. Miguu yake ya nyuma ilikuwa teketeke. Ukimsimamisha, inatawanyika huku na huku.

Mzee wa jirani alikuwa ameamshwa na kelele zetu. Akachungulia, akasema hao watoto wamalizwe mapema ili tumwokoe mama. Bibi hakumjibu. Aligeuka kwangu.

"Mke mwenzangu, mtie kidole mdomoni."

"Yupi, Bibi?"

"Wote."

Nikamtia jike kidole. Mdomo ulikuwa na uvuguvugu, na ulimi ukanigusa. Nikamtia dume. Ndani kulikuwa baridi, baridi ya jiwe la mtoni, na ulimi haukujongea. Nikawahi kusema apewe maziwa haraka. Bibi akanishika mkono. Mtoto aliyepoa hivyo hapewi maziwa kwanza, alisema, tumbo lake limelala na yanaweza kumwendea mapafuni. Kwanza apate joto. Akamfuta ute kwa gunia mpaka manyoya yakasimama, akamweka kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, akanifunga kanga juu yake na kunikalisha jikoni karibu na mafiga.

Nilikaa hapo muda mrefu. Nilikuwa nausikia moyo wake, mwepesi, unakimbia, halafu kama unasita, halafu unakimbia tena. Miguu yake ya nyuma ilining'inia kwenye mapaja yangu, haina uzito wowote. Alinuka ute na moshi. Sikuwaza kama atapona wala kama atakufa, nilikuwa nahesabu pumzi tu. Kisha akatetemeka mwili mzima. Niliogopa nikamwita Bibi kwa sauti, naye akaja mbio, akamtia kidole, akatabasamu. Kutetemeka ilikuwa dalili nzuri, mwili ulikuwa umeanza kujitafutia joto wenyewe. Baadaye kidogo akanikamata kidole changu kwa ufizi, akafyonza. Nimezaa tangu wakati ule, na bado nikikumbuka kule kufyonza koo linanibana.

Bibi alikuwa ameshakamua dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, nzito, ya manjano. Tukampa kwa chupa pole pole, kichwa usawa, asielekezwe juu. Jike alishikiliwa na Dada hadi kwenye chuchu, akanyonya mwenyewe huku mkia unapepea. Vitovu vikapakwa iodini.

Asubuhi akaja bwana mifugo, akaamkia, akampima Chausiku na kusema damu yake imepungukiwa madini ya chokaa. Alipasha chupa ya dawa kwenye maji ya moto, kisha akaiingiza taratibu sana mshipani, sikio lake likisikiliza moyo, kwa sababu dawa hiyo ikiingia kwa pupa inausimamisha. Watoto aliwachoma sindano ya madini ya seleniamu na vitamini E. Jioni Chausiku alisimama, kondo la nyuma likawa limetoka, akaomba pumba.

Banzi la kunyooshea miguu ya jike lilikuwa wazo la Bibi. Bomba linapashwa moto lipate kulainika, linapasuliwa, linatandikwa kitambaa, linafungwa nyuma ya mguu, si kwa kukaza. Asubuhi na jioni tulifungua tukanyoosha kano kwa vidole, tukaangalia kama ngozi imechubuka. Haikuchukua muda jike akawa anakanyaga kwato zake. Alikuja kuwa mbuzi wa kukamuliwa, na maziwa yake yalinunua madaftari yetu.

Dume alisimama pia, lakini kwa kuyumba. Hakuwahi kuruka na wenzake. Tulimbeba kumtoa juani, tukambeba kumrudisha, tukamgeuza ubavu asipate vidonda. Mvua za masika zilipoanza akashikwa na kifua, akafa.

Dada anaamini tulimtesa. Anasema yule mzee alisema kweli usiku ule, na kwamba Bibi alikuwa hawezi tu kukubali. Mimi namjibu kwamba alinyonya, alilala ubavuni kwa mama yake, alikuwa akituita tukichelewa. Anauliza kama hiyo inatosha kufidia miezi ya kubebwa. Tumelizungumza hilo misibani na harusini, hata juzi kwenye simu baada ya mtoto kuchomoa lile bomba, na kila mmoja bado amesimama alipokuwa.