Siku moja maishani mwangu: mpiga foto za ndege, Lubumbashi

Kwanza niseme, mimi si mtalii wala si mtu wa televisheni. Naishi Katuba, nina apareyi moja ya zamani ya foto na lensi ya 150-600 ambayo pete yake ya zoom nimeizungushia skochi, utepe ule wa gundi, na kazi yangu ni kupiga foto za ndege wa porini. Sawa, si kila siku. Harusi, ubatizo, kilio na foto za pasipoti ndizo zinalipa minerval, yaani ada ya shule ya watoto. Lakini ndege nao wanalipa kuliko majirani wanavyofikiri. Kuna wanaotaka kupelekwa porini, halafu kuna zile etude za mazingira ambazo Code minier, sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inazidai kwa makampuni ya migodi, na mle mtu wa biolojia anataka foto inayoonyesha ndege fulani alikuwepo pale, hataki kuambiwa tu. Ukisema hivyo mtaani wanacheka, eti unalipwa juu ya ndege? Ndiyo, nalipwa. Hii hapa siku moja ya mwezi wa kumi, jua kali, mvua bado inazungukazunguka tu.

Saa tisa na nusu usiku

Nimeamka kabla ya alarmu. Bateri, kadi, kipompo cha kupulizia vumbi, maji, mkate na kalanga, na mfuko wangu wa kulaza lensi ambao ni mguu wa jinzi ya zamani, nimeushona nikaujaza mahindi. Zamani ulikuwa na maharage ila siku moja nyumbani waliyapika.

Saa kumi alfajiri

Mteja ananipitia kwenye lami na jeep yake. Nitamuita Patron tu. Ni mfanyabiashara wa hapahapa mjini, mtu wa heshima, nusu ya pesa alilipa bila kubishana. Ameleta kutoka Afrika Kusini lensi mpya ya 600 f/4, kitu cha zaidi ya dola 12,000, kilo tatu na ushee, iko kwenye kiti cha nyuma imefungwa mkanda wa usalama peke yake, mimi mkanda wangu haufungi.

"Petit, leo nataka ile nyekundu."

Nyekundu ni turako wa Ross. Kama hujamuona, ni ndege mkubwa wa nusu mita hivi, mweusi wa kung'aa rangi ya zambarau, mdomo na uso njano, kichwani kishungi chekundu. Akikaa ndo hivyo tu. Akifungua mabawa, hapo unaona wekundu ambao hauamini kama ni wa ndege. Na wekundu wenyewe, nilimweleza Patron njiani ili safari iende, una shaba ndani. Si maneno ya kupamba, rangi ile inaitwa turasini na wanakemia walishaikuta shaba ndani yake tangu karne ya 19. Patron alifurahi sana, akapiga usukani, "Cuivre! Hata ndege wa Katanga wako na cuivre!" Nikamwambia turako wako nchi nyingi, si Katanga tu, lakini hapo alikuwa hanisikii tena.

Barabara ya Kasenga gizani ni baiskeli za makala, makaa ya kupikia, mwanzo mpaka mwisho, kila moja na magunia yake, wanasukuma kuingia mjini wakati sisi tunatoka. Nilipoanza kazi hii miti ilikuwa karibu na mji kuliko sasa. Sitasema zaidi, hata mimi nyumbani napikia makala.

Saa kumi na moja na nusu

Tumefika, kunapambazuka. Mwezi huu miombo inatoa majani mapya mekundu kabla hata tone la mvua halijaanguka, pori lote linawaka rangi, mtu asiyejua anadhani yanakauka. Tukashuka kwa miguu mpaka mushitu, ule msitu mzito wa kwenye maji, palipo na mkuyu mmoja unaozaa. Hakuna siri nyingine kwenye kazi hii: tafuta mti unaoliwa, ukae.

Patron amevaa shemizi nyeupe, ya kupiga pasi. Nikamvisha kabuti langu la kahawia, hakupenda harufu, akavaa.

Saa kumi na mbili mpaka saa moja hakuna kitu. Kwarara walipita wanapiga kelele, fundichuma alishuka kwenye tope akaondoka.

Saa moja na kitu

Wamekuja. Kwanza unasikia, wanakoroma na kucheka wote pamoja, halafu matawi yanatikisika na hawaonekani, kwa sababu turako harukiruki ovyo, anakimbia juu ya tawi kama tumbili. Mmoja akatoka kwenye mwanga akaanza kumeza matunda. Patron akabonyeza, apareyi yake inapiga foto ishirini kwa sekunde, nafikiri alijaza nusu kadi kwa tunda moja. Akaangalia skrini.

"Mbona hakuna nyekundu?"

Nikamwambia nyekundu iko ndani ya bawa, papa, tungoje aruke.

"Basi arushwe."

Na kabla sijafungua mdomo akapiga makofi.

Hapa naomba nieleze taratibu, kwa sababu ndo sehemu ya kazi ambayo watu hawaioni. Ndege ukimtisha anaruka, kweli, lakini anakukimbia wewe, yaani unachopata ni mgongo na mkia na matako, kila mara. Ndege aliyeshiba na kuamua mwenyewe kuondoka anavuka ile nafasi kati ya mti na mti, amekupa ubavu, jua linaingia kwenye bawa lililofunguka. Wewe unatakiwa uwe umeshajua atapita wapi, lensi imeshaelekea pale, spidi ya apareyi 1/2500 ya sekunde au kasi zaidi, na unaangalia mwili wake: ameacha kula, amesogea mwisho wa tawi, ameinama mbele, na ndege wengi wanajisaidia kwanza ndo wanaruka, usicheke, kile kinyesi kimenipa foto nyingi kuliko lensi yoyote. Kama lensi iko mita 600 au milimita 600 haisaidii chochote kama ndege amekupa mgongo. Lakini watu wanalipa lensi, kukaa kimya hawataki kulipa.

Wale turako wakaenda ndani kabisa. Patron akatoa simu, akatafuta sauti ya turako kwenye intaneti, akaipiga kwa nguvu. Nikamuomba azime. Wanaanza kujenga viota kipindi kama hiki, ukipiga sauti ile wanadhani mwenzao amekuja kuwanyang'anya sehemu, wanaacha kula na kuhangaika, na tena wanajificha. Akazima. Dakika tano simu hiyohiyo ikaita, akapokea palepale, kontena lake la simenti limekwama Kasumbalesa mpakani, nimejua sasa habari zote za lile kontena, nani alisaini, nani hakusaini, nani ni mwizi. Halafu biskuti, zile za karatasi inayolia. Halafu akauliza kama nyekundu siwezi kuiongeza kwenye kompyuta.

Saa tatu joto likapanda na hewa ikaanza kucheza. Juu ya nyasi zilizoungua ile hewa ya moto inatetemeka, na lensi ndefu inaikuza pamoja na ndege, kila foto inatoka imelainika, unadhani fokasi imekosea kumbe ni hewa. Patron akataka kufunga kile kiongezo cha 1.4 ili amlete mdiria wa mbali karibu zaidi. Nikamwambia hapo utaongeza hewa tu, dawa ni kusogea au kungoja jioni. Akafunga. Akapiga. Akasema lensi imeharibika, atairudisha Johannesburg.

Saa nne, saa tano, hapo katikati

Wakatokea vijana wanne na panga zao, wanatoka kukata miti. Mimi nilishapita kwa shefu wa kijiji wiki iliyopita na sukari na sabuni, najulikana, lakini hawa ni wa upande wa pili wa mto. Wakaiangalia ile bomba nyeupe juu ya miguu mitatu.

"Jambo, papa. Munatafuta nini huku?"

"Jambo sana. Tunapiga foto ya ndege tu, wandugu."

"Ndege? Na hii kintu yote?"

Huku kwetu mtu akiingia porini na chombo kinachoelekea ardhini au mitini, anajulikana anatafuta madini. Siwalaumu. Mara ngapi wameona jeep inakuja, watu wanapima, wanaandika, mwaka unaofuata kuna uzio wa senyenge na walinzi. Kwa hiyo mimi naenda polepole, natoa apareyi, naonyesha foto, namuacha mmoja aangalie ndani ya lensi, kwa kawaida kwa dakika kumi imekwisha na wananionyesha wenyewe ndege analala wapi. Na ilikuwa inakwenda vizuri, mmoja alishaanza kucheka alipomuona turako kwenye skrini, mpaka Patron akaona na yeye awafurahishe.

"Munamuona huyu? Huyu iko na cuivre!"

Kimya.

"Iko na cuivre wapi?" akauliza yule mkubwa wao.

"Ndani! Mu mabawa!"

Mama yangu. Mmoja akatumwa mbio kwa shefu. Shefu akaja na wazee wawili na kiti chake, na tukaanza upya, nani amewatuma, karatasi iko wapi, kampuni gani, shimo litachimbwa upande gani. Patron akatoa kadi yake ya biashara, imeandikwa juu yake kwamba anauza pia mashine za kuchimbia. Nikamwambia kwa Kifaransa, papa, tafadhali, pumzika kidogo kwenye gari. Nikakaa chini miguuni pa shefu, jua la saa sita liko kichwani, nikaeleza habari ya turasini kwa Kiswahili, na jaribu wewe siku moja kueleza kwamba shaba ipo kwenye manyoya lakini kidogo mno, kwamba haiyeyushwi, haiuzwi, kwamba ndege hachimbi. Mzee mmoja akauliza swali zuri kuliko yote ya siku ile: anaipata wapi, kwenye tunda? Nikamjibu ndiyo, chakula chake kina shaba kidogo kidogo kama chakula chetu, yeye anaiweka kwenye bawa. Mzee akatikisa kichwa, akasema basi mukuyu nao unachimba. Shefu akacheka, na akicheka shefu wamecheka wote, yakaisha. Patron alitoa pesa ya kinywaji, na mtoto mmoja wa shefu akabaki na sisi, anadai, kama mlinzi.

Tulikula mkate wangu na biskuti zake. Sikumbuki saa ngapi. Mgongo ulikuwa unauma, shingo imekakamaa, inzi wadogo wanaingia machoni na ukiinua mkono kuwafukuza ndege anakuona. Patron alilala kidogo. Alipoamka alikuwa amechoka kabisa, hana maneno, simu imekufa chaji, akakaa nyuma ya lensi yake bila kutikisika, na hapo kwa mara ya kwanza mushitu ukarudi kuwa mushitu. Ndo maana nasema huyu mzee angeweza kazi hii akitaka. Kwazi aliita mbali. Mwanga ukalainika.

Jioni, kama saa kumi na nusu

Yule mtoto ndo alimuona kwanza, akanigusa goti. Turako mwisho wa tawi, amenyamaza, ameinama. Akajisaidia. Nikasema "sasa" kwa kunong'ona. Akavuka kutoka kushoto, mapigo mawili matatu halafu akateleza na mabawa wazi, mekundu, karibu mita ishirini, akaingia kwenye mti wa pili, akafuatwa na mwenzake. Yote haikufika sekunde nne.

Patron alipata wote wawili, fremu nzuri mno, lakini kidole chake kilikuwa kimezungusha gurudumu mchana, spidi iko 1/320, mabawa ni moshi mwekundu. Mimi na lensi yangu ya skochi nilipata fremu moja yenye jicho kali, ile ya kwanza tu, kwenye nyingine kichwa kimekatika. Akaangalia yake, akaangalia yangu, muda mrefu.

"Hii ndiyo yangu," akasema.

Nilijua anamaanisha nini. Anataka foto yangu itoke na jina lake. Njiani tukabishana kwa adabu kutoka porini mpaka péage, pale pa kulipia barabara, alinipandishia bei mara kadhaa na mara ya mwisho, sitaficha, nilinyamaza kidogo nikafikiria minerval. Nikamwambia papa, foto nakuuzia, uitundike salon ukubwa unaotaka, chini yake litaandikwa jina la aliyepiga. Hakufurahi. Hakukataa pia.

Saa tatu usiku

Nyumbani courant hakuna. Bukari (ugali) na samaki wa tomsoni mbele ya taa ya simu, halafu kusafisha vumbi, vumbi la mwezi wa kumi linaingia mpaka mahali pasipo na tundu. Umeme ulirudi karibu saa tano, nikaanza kuchambua, mia kadhaa za kufuta ili kubaki na chache, na hii sehemu pia hakuna anayeilipa. Nyekundu sikuigusa.

Nikiwa nafunga kompyuta ikaingia meseji ya Patron. Anauliza kama tawi la nyuma linaweza kuondolewa, na kama rafiki yake anaweza kuja Jumapili kwa nusu bei kwa kuwa njia tumeshaijua na shefu ameshatuzoea. Nikamjibu tawi linabaki, bei ni ileile, nusu kabla hatujatoka mjini, simu zote zinabaki kwenye gari. Ameona, hajajibu.