Vidonge vya mishipa ya miguu, vilivyonisaidia na pale vilipokoma

Mimi nauza mahamri na mbaazi hapa Langoni, Lamu, naamka saa kumi alfajiri nasimama kwenye karai mpaka saa nne, alasiri nasimama tena kwa viazi vya karai, na kazi hii nimeifanya miaka 12.

Ilianza mguu wa kushoto. Magharibi ikifika kifundo kimefura, ndara zimeacha alama, mguu mzito kama umejazwa mchanga mbichi, usiku misuli ya nyuma inakaza mpaka naamka nalia. Asubuhi umeshuka basi nasema alhamdulillahi. Mwaka wa pili ngozi juu ya kifundo kwa ndani ikawa kahawia nzito na kuwasha, nikadhani choa.

Duka moja la dawa wakaniuzia furosemaidi, dawa ya kukojoza. Wiki 3 nimemeza, nimekojoa kweli, lakini napata kizunguzungu mbele ya mafuta yanayochemka na mikazo ya usiku ikazidi. Mpaka leo linaniuma hilo, hakuna hata aliyeinama akautazama mguu.

Hospitali ndio nikapigwa altrasaundi ya dopla, kile kipimo cha picha kinachoonyesha damu inavyopita kwenye mishipa. Daktari akanieleza taratibu, ndani ya vena za miguu, mishipa inayorudisha damu moyoni, kuna vilango vidogo vinavyoizuia damu isirudi chini ikiwa inapanda kwenda moyoni, vyangu vimelegea, damu inakaa huko chini, presha inapanda ndani ya mshipa, maji yanavuja, na chembe nyekundu zikivuja nazo zinaacha madini ya chuma kwenye ngozi, ndio ile rangi. Kumbe mwili wangu haukuwa umejaa maji, sasa kuukausha kungesaidia nini? Kusimama kumechangia, uzazi nao, nna watoto 5, na mamangu alikuwa na mishipa hiyo hiyo.

Akaniandikia Daflon ya 500, kila kidonge diosmini miligramu 450 na hesperidini na wenzake 50, vitu vya jamii ya machungwa, kimoja asubuhi kimoja jioni na chakula. Akanambia kabla sijatoa pesa, mama, hizi hazitengenezi vilango wala haziondoi mishipa iliyotokeza, zinaukaza ukuta wa mshipa na kupunguza kuvuja. Namshukuru sana kwa hilo manake ningengojea muujiza. Siku za mwanzo tumbo lilinisumbua likatulia. Nikawa najipima kifundo kwa futi ya fundi cherehani kila siku kabla ya isha, nilianza na sentimita 27, mwezi wa pili 26, na ule uzito ukapungua zaidi kuliko uvimbe wenyewe.

Lakini soksi za kubana! Nilipewa za 20 hadi 30 kwa milimita za zebaki, ndio kipimo cha nguvu ya kubana, na kabla ya kunipa alipapasa mapigo juu ya unyayo, kwa sababu kama mishipa inayoleta damu mguuni imeziba, kuubana ni kuuharibu. Navaa kitandani kabla sijakanyaga chini, mguu ukiwa bado mwembamba, ukichelewa haziingii. Wakati wa kaskazi ni mateso wallahi, lakini ndani ya buibui nani atakuona.

Khalati yangu wa Uingereza akanitumia vidonge vya mbegu za mti wa kule, vina dawa iitwayo esini. Daktari akasema navyo hupunguza uvimbe, ila viwe vilivyosafishwa maana mbegu mbichi ni sumu, nichague kimoja nisichanganye. Nikabaki na vyangu. Jirani wa Mkomani, yeye alifikia kidonda, anafungwa bandeji za kubana na anameza pentoksifilini, dawa ya kusaidia damu ipite vizuri, ya miligramu 400 mara 3 kwa siku, kinafunga polepole.

Mwezi mmoja pesa ziliniishia nikakosa vidonge, nikabaki na soksi, uzito ulirudi lakini uvimbe haukurudi sana. Siku nilizoacha soksi nikawa na vidonge peke yake, jioni mguu uko pale pale. Kwa hivyo dada zangu mnaosimama jikoni, pesa ikiwa ya kitu kimoja, baada ya kupimwa, mimi ningenunua soksi. Na mguu mmoja ukifura ghafla ukawa na moto na maumivu, usimeze chochote, kimbia hospitali, huenda ni damu imeganda.

Sasa kati ya karai na karai nakaa, miguu juu ya kigoda, mwanangu anasukuma donge. Jana jioni kifundo kilikuwa 24 na nusu.