Matofali Manne

Mama mshonaji alifika studio saa nne asubuhi, mkoba kwapani, sindano mbili bado zimechomekwa kwenye kola ya gauni lake. Ilikuwa Juni 2011, mwaka wangu wa pili kusomea usanifu wa ndani wa majengo, na mwalimu alikuwa ameagiza kila mmoja wetu amlete mwenye chumba alichokuwa akikisanifu aje akione.

Si kwenye karatasi. Michoro tulikuwa tumemaliza, na modeli pia, kwa skeli ya 1:20, ambamo mtu wa sentimita 160 huwa na kimo cha sentimita nane tu. Sasa tulitakiwa kujenga kwa kipimo chenyewe, kwa maboksi. Nilizunguka Luthuli Avenue siku tatu nikiomba maboksi ya televisheni na friji. Wengine walinipa bure. Mmoja alidai shilingi hamsini kwa boksi, ndipo nikajua kuwa hata takataka za Nairobi zina wenyewe. Nikakata, nikaunga kwa gundi na selotepu, mpaka kona yangu ikawa na meza ya kukatia, rafu za kufika darini na pahali pa kujaribia nguo.

Nilijivunia kazi ile, sitasema uongo. Chumba chenyewe kilikuwa Ngara, ghorofa ya kwanza, mita tatu kwa nne, na nilikuwa nimekipima mara mbili: kuta, mlango, hata unene wa fremu ya dirisha. Vitambaa alivyorundika sakafuni nilivipandisha rafuni. Dirisha la kusini nikalitundikia pazia zito, kwa kuwa kitabu nilichokitegemea kilionya juu ya jua la kusini.

"Mbona unanitia gizani, mwanangu?" akaniuliza. "Dirisha lile ndilo taa yangu. Stima ikipotea nashonea hapo. Na jua halipigi pale mpaka Krismasi ikaribie."

Kitabu kilikuwa cha Uingereza. Nairobi iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi moja na kitu, na mwezi wa Juni jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Hayo niliyajua tangu shule ya msingi. Sijui kwa nini niliyaacha nje ya mlango wa studio.

Kisha akaiendea meza. Alitoa chaki mkobani, akainama kana kwamba kuna kitambaa mbele yake, akavuta mstari mrefu juu ya kadibodi. Akainuka, mkono kiunoni. Akainama tena.

"Hii ni meza ya kulia chakula."

Wenzangu walicheka. Ilikuwa na kimo cha sentimita 75, kutoka kitabu kile kile. Mwalimu hakucheka, na kimya chake tulikuwa tukikiogopa kuliko maneno yake. Alimgeukia mama kwa adabu.

"Ya dukani kwako ikoje, mama?"

"Kama hii. Lakini ina matofali."

Matofali niliyajua. Manne, moja chini ya kila mguu, yamefungwa kwa mipira ya tyubu ya baiskeli. Nilikuwa nimeyapiga hata picha. Lakini nilipochora chumba kilivyo niliyafuta, pamoja na ndoo ya plastiki na kalenda ya mwaka juzi, maana yalikuwa yakiharibu mchoro. Mwalimu alipoitisha picha zangu na kuziweka kando ya mchoro, sikuwa na la kujibu.

"Rudi ukapime," akasema, akaenda kwa mwingine.

Tulipanda matatu pamoja hadi Ngara. Nauli nililipa mimi, kwani mama alikuwa amefunga duka nusu siku kwa ajili yangu. Alipofika hakupumzika. Alitandaza kitambaa cha sketi za shule akaanza kukata, nami nikalala kifudifudi chini ya meza na tepu yangu, vipande vikiniangukia mgongoni. Kutoka sakafuni hadi juu: sentimita 92.

"Ukimaliza usilisogeze hilo la karibu na mlango," akasema juu yangu, mkasi ukiendelea. "Sakafu imebonyea hapo."

Nikachungulia. Kati ya tofali na sakafu palikuwa na kipande cha kadibodi, kimekunjwa mara mbili. Nikakiandika.