Altezza ya chini ya mwembe

Gari hili nililinunua shilingi milioni 3 na laki 2, Mingoyo, likiwa limevaa mti na pua yote imekunjamana. Toyota Altezza ya 1999, injini ya 1G-FE, silinda sita kwenye mstari mmoja, gia za mkono. Ni pesa ya korosho ya misimu miwili. Fuso iliyotoka kushusha saruji Lindi ikanibebea hadi Mtwara.

Kila aliyepita aliniuliza nitapaka rangi gani. Fundi wangu hata boneti hakuigusa. Alifunga sumaku ndani ya kitambaa akaipitisha mlango kwa mlango. Kwenye kizingiti cha kushoto, lile bati la chini ya mlango, ikateleza, haikushika. "Hapa ni puti tupu, mwanangu." Puti ni ule udongo wa kuzibia bati kabla ya rangi, na sumaku haiushiki. Tulipobandua tukakuta kutu imekula bati hadi kidole kinapita. Kwa chumvi ya bahari yetu, gari la hapa likague chini kabla hujaangalia juu.

Kisha chesisi, kiunzi kinachobeba gari. Aliteremsha timazi, uzi wenye uzito nchani, kutoka pointi nne za chesisi, akaweka alama za chaki sakafuni, akapima msalaba: mbele kushoto kwenda nyuma kulia, halafu upande wa pili. Vipimo hivyo vinatakiwa vilingane. Vyetu vilipishana milimita 19.

Tukalifunga nyuma kwenye nguzo, mbele tukatia mnyororo na winchi ya mkono iliyofungwa kwenye mwembe. Anavuta, analegeza, anapima. Chuma kina tabia ya kurudi, kwa hiyo lazima ukivute kipite kidogo pale unapopataka ndipo kikirudi kikae. Kazi hiyo ilichukua siku tatu, na ndiyo iliyokula pesa kuliko zote. Sijutii hata senti. Watu wanaanza na rimu na rangi, tairi zinaliwa upande mmoja, wanalaumu tairi.

Rejeta, taa na bampa vilikuja kwa basi kutoka Dar, vyote vya mtumba. Mkanda wa taiming, ule unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, nilinunua mpya. Hapo sikubali kubahatisha.

Jumamosi alfajiri nililitoa kuelekea Mikindani, bado na rangi ya kijivu ya msasa. Shikamoo yangu kwa fundi ilikuwa ndefu asubuhi ile. Penye barabara iliyonyooka, hakuna gari mbele wala nyuma, nililegeza vidole kwenye usukani kwa kuhesabu moja hadi tatu. Likaenda vilevile, halikuvuta kushoto, halikuvuta kulia.