Jinsi tulivyofufua onyesho letu la watu wawili

Kwa wiki mbili mimi na mwenzangu tulifanya mazoezi uani kwao, Majengo, Moshi, na onyesho likabaki limekufa. Maneno tuliyajua yote. Kaka, ambaye ni mimi, anataka kuuza kihamba (shamba la ukoo) cha marehemu baba, dada hataki, basi. Lakini kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake amalize ili aseme yake.

Kosa lilikuwa kwangu zaidi: nilikariri maneno pamoja na sauti ya kuyasemea, hasira hapa, kilio pale. Nikaanza upya. Pembeni ya kila mstari nikaandika kitendo kimoja ninachomfanyia dada: namshawishi, namtisha, namwomba radhi. Popote nilipokuwa nimeandika "nina hasira" nilipafuta, kwa sababu hasira haichezeki. Kumtisha mtu kunachezeka.

Kisha tukajaribu zoezi la kurudia la Sanford Meisner, yule mwalimu wa uigizaji wa Marekani. "Umekunja uso." "Nimekunja uso." Dakika kumi, macho kwa macho, maneno yakibadilika pale tu mwenzako anapobadilika. Mwanzoni mtaona aibu, vumilieni.

Kilichomaliza kazi ni ndizi. Tulinunua mshare sokoni Mbuyuni, dada akawa anamenya za mtori kwelikweli, mikono imepakwa mafuta kuzuia utomvu. Niliposema, "Pesa nimeshapokea," kisu kilisimama katikati ya ganda. Hakuniangalia. Sauti niliyokuwa nimeipanga ikanitoka kichwani, nikajikuta nanong'ona.

Darasani tulicheza hivyohivyo, na kisu kilekile.