Kura yangu moja, kwa bwana wa mafuta

Jumamosi mteja wangu mmoja, dada wa Kinaijeria, alikaa kitini saa sita akisukwa rasta nyembamba za kufika kiunoni. Umbea ulipotuishia tukahamia siasa. Akaniuliza, "Mama Zuhura, hawa wa chama cha Libertarian, wanaotaka serikali ikae pembeni, tunaowaona kwenye karatasi ya kura, huwa wanashinda popote?"

Nikamwambia hicho kitana ninachomchania ni ushindi wao.

Nimejua kusuka tangu Tanga, mkekani kwa bibi, kichwa cha mtu nimekibana katikati ya magoti. Nilipofika Dallas mwaka 2009 nikaambiwa Texas inataka leseni ya kusuka, na leseni inataka saa 35 za darasani. Nikalipa, nikakaa. Mwalimu alikuwa mpole sana, ila twende kilioni hakuijua. Siku ya pili akaniomba nimsuke binti yake, na mwisho wa kozi cheti nikapewa mimi!

Tena mimi nilipata nafuu. Isis Brantley, msusi wa hapa hapa Dallas, alikamatwa mwaka 1997 kwa kusuka bila leseni ya urembo. Baadaye ikaja hiyo ya saa 35, naye akapewa. Alipotaka kuwafundisha wenzake ndipo akaambiwa ageuze mahali pake kuwa chuo cha vinyozi, chenye viti 10 vya kinyozi na masinki ya kuoshea nywele. Mimi nasuka nywele kavu, sinki la nini? Akaenda mahakamani na mawakili wa Institute for Justice, watu wa imani hiyo hiyo ya serikali ikae pembeni, akashinda Januari 2015. Mwezi Juni gavana Greg Abbott akasaini sheria ya kuifuta kabisa leseni ya kusuka.

Sasa angalia nani aliyeifuta. Bunge la Texas, kule Austin, limejaa Warepublican na Wademokrat, Libertarian hana kiti hata kimoja. Wazo lilipita, chama kikabaki nje ya mlango. Ron Paul, mzee wa huku huku Texas, alilijua hilo mapema: aligombea urais kwa tiketi ya Libertarian mwaka 1988 akapata kama nusu ya asilimia. Akarudi kwa Warepublican, akarudi na bungeni Washington, akaendelea kusema yale yale.

Mwaka 2016 ndio nilipiga kura yangu ya kwanza kama raia. Gary Johnson, mgombea urais wa Libertarian aliyewahi kuwa gavana wa New Mexico, akaulizwa kwenye televisheni angefanya nini kuhusu Aleppo, mji wa Syria uliokuwa vitani, naye akauliza Aleppo ni nini. Jamani! Bado alipata asilimia 3 na kidogo nchi nzima, na hakuna Libertarian mwingine aliyewahi kufika hapo kwenye kura za urais. Mimi sikumpa. Nilimpa Mark Miller, mhandisi wa mafuta wa chama hicho hicho aliyegombea Tume ya Reli ya Texas, ambayo licha ya jina lake inasimamia mafuta na gesi na haina habari na reli. Alionekana anaijua kazi. Akapata zaidi ya asilimia 5, akashindwa, na chama kikashangilia kwa sababu kura hizo zilikilindia nafasi kwenye karatasi ya uchaguzi uliofuata.

Kule juu kwa rais kwa nini sikuwapa? Kwa sababu mwanangu Zuhura ana pumu, na dawa yake inalipiwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Wale wale walionitetea kwenye kitana wangependa mkono wa serikali utoke na huko pia. Ukiniletea jambo moja moja nitakupigia makofi kwa mengi, lakini karatasi ya kura inaniuzia kapu zima. Na hata kwenye kusuka nina kinyongo kidogo: mwaka jana nililetewa mtoto aliyesukwa na mtu wa mtaani akakazwa mpaka nywele za kwenye paji la uso zikang'oka na vipele vikatoka. Siku hiyo niliikumbuka ile leseni, kisha nikamkumbuka mwalimu wangu.

Dada akacheka, akasema basi mwaka 2028 atawaangalia. Nikamwambia ainamishe kichwa, nimalizie kisogoni.